Pesheni na forsadi juu ya maweni: shajara ya bustani ya uani, Jambiani

Januari, kaskazi

Mahali ni uani kwa nyumba, Jambiani, mwambao wa mashariki wa Unguja. Ardhi ni maweni: jiwe la matumbawe limetanda, na baina ya jiwe na jiwe mna vifuko vya udongo wa hudhurungi ambamo jembe halizami shubiri moja. Mpango ni miche minne ya pesheni ya manjano juu ya chanja kimoja cha mita 6 kwa 3, na mforsadi mkongwe wa pembeni urudishwe kwenye kuzaa.

Pesheni ya zambarau haimo. Ile ni ya milimani kwenye baridi. Pwani hutambaa vizuri, hujaa majani, ikabaki pambo. Ya manjano ndiyo ya joto, na inahimili zaidi mnyauko unaotokana na kuvu wa udongoni. Stroberi nayo haimo. Anayeitaka ataipata ikivuka bahari kutoka bara.

Kabla ya kutia mtaimbo, udongo umepimwa kwa siki. Kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, juu yake matone ya siki. Ukitoa povu, una chokaa ya matumbawe. Wa hapa umetoa povu hadi mchachato wake unasikika. Hiyo haina maana kwamba udongo hauna rutuba. Maana yake ni kwamba chuma kilichomo kimefungwa na chokaa, mzizi haukipati. Pesheni inapendelea pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya kati ya 5.5 na 6.8, na udongo wa maweni uko juu ya hapo.

Kwa hiyo kuna vitu viwili vimepigwa marufuku kwenye bustani hii: majivu na chokaa. Kila mtu huambiwa atie majivu, na kwenye udongo mwekundu wa kati ya kisiwa ushauri huo una kazi yake. Juu ya maweni ni kuongeza chokaa penye chokaa.

Mbegu zimeanza kuandaliwa sasa ili miche iwe tayari masika yakiingia. Hapa ndipo bustani nyingi za pesheni zinapokosea bila kujua. Pesheni ya manjano haikubali chavua yake yenyewe. Mche mmoja peke yake, hata ukitiwa samadi na maji ya kutosha, utachanua na maua yote yatadondoka. Vipandikizi kumi kutoka mche mmoja ni mche ule ule, navyo havisaidiani. Hata miche ndugu iliyotoka kwenye tunda moja mara nyingine hukataana. Mbegu za hapa zimetoka kwenye matunda ya nyua tatu tofauti, na kila kundi limewekewa alama yake hadi siku ya kupandwa.

Namna ya kuandaa: tunda liwe limeiva na kudondoka lenyewe. Kamulia mbegu na maji yake kwenye gilasi, funika kwa kitambaa, acha siku mbili hadi tatu lichachuke. Sugua kwa mchanga laini ndani ya chujio mpaka ngozi ile ya utelezi itoke, suuza, anika kivulini. Panda kina cha sentimita 1, mbegu mbili kwa kopo. Makopo ni chupa za maji za lita 1.5 zilizokatwa shingo na kutobolewa chini. Mbegu mbichi huota ndani ya wiki mbili hadi nne. Mbegu iliyokaa kabatini miezi huchelewa sana, nyingine hazitoki kabisa, na si kosa la maji.

Februari: mashimo

Mashimo manne, moja kila kona ya chanja. Kila moja upana sentimita 60, urefu 60, kina 60. Vifaa ni mtaimbo, sururu na nyundo kubwa. Jiwe la juu ni gumu, chini yake mara nyingi hulainika. Ukipiga mtaimbo ukasikia sauti ya uwazi, endelea hapo hapo. Pakikataa kabisa, usipoteze siku: chimba sentimita 30 na hizo nyingine 30 zipandishe juu kwa kingo za mawe yaliyopangwa makavu, bila saruji.

Shimo la ukubwa huo linachukua ndoo 11 za lita 20. Mchanganyiko wa kila shimo:

- ndoo 6 za udongo mwekundu ulioletwa na gari kutoka upande wa magharibi wa kisiwa (usiotoa povu kwa siki);
- ndoo 3 za samadi ya ng'ombe iliyooza, ambayo ukiishika haina joto wala harufu kali;
- ndoo 2 za mboji ya majani.

Samadi ya kuku haikutumika hapa. Ni kali, na nitrojeni yake inapeleka nguvu kwenye majani, maua yakachelewa. Shimo limejazwa mpaka likafanya kichuguu cha kimo cha kiganja, kwa sababu mchanganyiko hushuka ukishanywa mvua. Mche ukipandwa sawa na ardhi, baadaye utakuwa ndani ya bakuli, maji yatasimama shingoni na shina litaoza.

Chini ya shimo hakuwekwi nailoni. Maweni yanapitisha maji, na hiyo ndiyo faida yake pekee kwa mkulima.

Machi: maji na chanja

Maji ya kisima cha karibu na pwani yana chumvi inayopanda na kushuka: baada ya masika hupungua, mwisho wa kaskazi huzidi. Pesheni haivumilii chumvi. Kipimo cha nyumbani ni ulimi. Maji unayoyahisi chumvi mdomoni usiyape mche mchanga. Dalili yake kwenye jani ni ncha na kingo kukauka rangi ya kahawia, huku katikati bado kijani.

Kwa hiyo bustani inategemea paa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita 5 kwa 8 ni mita 40 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 400, na ukitoa yanayorukia nje na kupotea utabakiwa na kiasi cha 320. Mvua ya mwanzo inamwagwa, kwa sababu inaosha vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi ya upepo iliyoganda juu ya bati. Mfereji una kiungo kinachozungushwa: mvua ikianza kinaelekea nje, bati likishaoshwa kinarudishwa tangini.

Tangi ni la lita 2,000. Mche mkubwa wakati wa kaskazi unataka lita 20 mara tatu kwa wiki. Miche minne ni lita 240 kwa wiki. Tangi likijaa linatosha wiki nane, na huo ndio karibu urefu wa kiangazi kikali cha Januari na Februari. Tangi la lita 1,000 lingelazimisha kuchanganya na maji ya kisima nusu kwa nusu. Inawezekana, ila baada ya hapo inabidi kila mara kumwagilia kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kumwagilia kidogo kidogo kwa maji ya chumvi ndiko kunakoua haraka: maji yanapaa na jua, chumvi inabaki.

Chanja: nguzo sita za mvinje, kila moja mita 2.5, sentimita 60 ardhini, zikabaki mita 1.9 juu. Urefu huo una sababu. Maua yatachavushwa kwa mkono, na mtu anatakiwa ayafikie akiwa amesimama chini. Nguzo zimekazwa kwa vipande vya mawe vilivyopigwa nyundo kuzunguka mguu. Juu ni waya wenye zinki, unene milimita 2.5: nyuzi saba za urefu wa mita 6 na saba za kukatiza za mita 3. Jumla mita 63, nunua 70 kwa ajili ya mafundo. Waya usio na zinki hewa hii ya bahari inautafuna upesi, na ukikatika unakatika wakati chanja kimebeba matunda.

Aprili: kupanda

Masika yameshika. Miche ina sentimita 25 hadi 30 na vikono vya kujishikia vimeanza kutoka. Huo ndio wakati. Mwagilia kopo usiku uliotangulia, pasua chupa kwa kisu kutoka juu hadi chini, bonge la udongo litoke zima. Mizizi ya pesheni haipendi kuguswa. Panda usawa ule ule uliokuwa ndani ya kopo, usizike shina. Kila kona imepewa mche wa kundi tofauti na jirani yake.

Kila mche una mti wa kuegemea unaofika waya. Umefungwa kwa kamba ya makumbi, fundo la namba nane, legevu kiasi cha kupitisha kidole.

Matandazo ni mwani. Ule unaosukumwa na bahari mpaka juu ya mchanga haumgharimu mtu kitu, nao una potasiamu nyingi ambayo pesheni inaitaka wakati wa matunda. Hauwekwi ukiwa umetoka pwani moja kwa moja. Unarundikwa mahali pa wazi, mvua za masika ziunyeshee mwezi mzima, ukigeuzwa mara kwa mara. Asiye na subira auoshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mara tatu. Onja kipande: kama hakina chumvi, tayari. Tandaza unene wa sentimita 5, uwache duara tupu la sentimita 20 kuzunguka shina.

Usiku wa kwanza wenye mvua konokono wakubwa walipanda. Mche mchanga huliwa shingo na asubuhi ukaukuta umelala. Dawa ni tochi na ndoo baada ya isha, kuwaokota, na kuondoa mawe na vifuu vilivyopinduka karibu na shimo, maana mchana hujificha humo. Chumvi haimwagwi, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa.

Mei na Juni: kusi

Upepo wa kusi umeanza kuleta mvuke wa chumvi kutoka baharini. Upande wa kusini na mashariki umezibwa kwa kiyambaza cha makuti, kimo cha mita 2, kilichosukwa kwa nafasi. Ukuta mzito haufai: upepo unaruka juu yake na kuangukia ndani kwa nguvu zaidi. Makuti hupunguza kasi na kuchuja. Baada ya siku ya upepo mkali bila mvua, majani yanasuuzwa jioni kwa maji ya tangi.

Kazi kubwa ya miezi hii ni mkasi. Chipukizi zote za ubavuni zinaondolewa zikiwa fupi, libaki shina moja hadi kwenye waya. Inauma kukata mmea unaokua vizuri, lakini pesheni inayoachwa itawanyike chini inatumia nguvu kwenye majani yasiyopata jua na kuwapa vidukari kivuli cha kulala. Shina likipita waya kwa sentimita 10, ncha inakatwa. Chini ya kikato hutoka matawi mawili au matatu. Yanaelekezwa pande tofauti za chanja, na hayo yakifika mita 1.5 nayo yanakatwa ncha. Tunda la pesheni huzaliwa kwenye tawi jipya tu, kwa hiyo kila ncha inayokatwa inaongeza idadi ya matawi yatakayochanua.

Julai, kipupwe: mforsadi

Mti mkongwe umekwenda juu mpaka matunda yake ni ya kunguru peke yao. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 waje kusafisha taka, wamebaki hadi leo na hawana haja tena na taka.

Matawi yamekatwa kwa msumeno hadi kimo cha mita 1.5, yakabaki manne yaliyotawanyika. Majani yote yaliyobaki yamepukutishwa kwa mkono. Mforsadi hauulizi msimu: ukikatwa, ukapukutishwa na ukapewa maji, unachipua, na chipukizi inatoka na vitunda vyake pamoja. Ndani ya wiki sita hadi kumi unavuna. Mwenye miti miwili aikate kwa kupishana miezi miwili, atakula mara nyingi kwa mwaka.

Kwa maweni huu ndio mti wa matunda laini rahisi kuliko yote. Chokaa haiukeri na ukame unauvumilia. Vijiti viwili vimechukuliwa kwenye matawi yaliyokatwa: unene wa penseli, urefu sentimita 20 hadi 25, macho manne ya kuchipulia, kikato cha chini cha mshazari chini kidogo ya jicho. Theluthi mbili zinazikwa, kivulini, udongo usikauke. Majani yakitoka mapema usishangilie, kijiti kinaweza kuchipua kwa akiba yake bila mzizi. Baada ya wiki sita kivute kidogo, kikigoma, kimeshika.

Mahali pake pa kudumu ni angalau mita 4 kutoka kisimani na kwenye mabomba, na mbali na kamba ya kuanikia nguo. Doa la forsadi halitoki kwa sabuni. Linafifia likisuguliwa kwa forsadi mbichi ya kijani kabla halijakauka.

Agosti: kusoma majani

Mche mmoja wa upande wa kaskazini umebadilika rangi. Imeandikwa hapa kwa urefu kwa sababu mabadiliko ya rangi ya aina tatu hutibiwa kwa dawa moja na wengi, na mawili kati yake hayatibiki hivyo.

Majani ya chini, makongwe, yakigeuka manjano yote pamoja na mishipa: upungufu wa nitrojeni. Ndoo nusu ya samadi iliyooza, imwagiliwe.

Majani machanga ya nchani yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, kama wavu uliochorwa: chuma. Samadi peke yake haitatosha, kwa kuwa chuma kikigusa chokaa kinafungwa tena. Hunyunyiziwa majani: gramu 5 za salfeti ya chuma kwa lita 1 ya maji ya mvua, matone machache ya sabuni, jioni jua likishazama. Jaribu tawi moja kwanza, ngoja siku tatu uone kama linaungua.

Kingo za kahawia: chumvi. Hapa hakuna dawa ya dukani. Maji baridi mengi kwa mkupuo mmoja, lita 40 kwa shimo, yaisukume chini.

Mche wa kaskazini ni aina ya pili. Mzizi umefika kwenye jiwe la ubavuni. Baada ya minyunyizo miwili, iliyoachana wiki mbili, majani mapya yametoka kijani. Yale ya zamani hayarudi, na si lazima.

Septemba

Forsadi zimeiva. Iliyo tayari ni nyeusi kabisa na huachia ikiguswa. Yenye wekundu bado ni chachu, na ikichumwa haiivi zaidi. Kanga kuukuu mbili zimetandikwa chini, tawi linatikiswa taratibu kila asubuhi. Juu umefunikwa wavu wa dagaa, umevutwa ukakaza na kufungwa chini. Wavu uliolegea hunasa ndege, na ndege aliyenasa ni kazi nyingine.

Hazioshwi mpaka dakika ya kuliwa. Kwenye friji zinakaa siku mbili. Za kugandisha zinatawanywa kwenye sinia kwanza, zikishakuwa ngumu ndipo zinatiwa koponi, vinginevyo utapata tofali moja.

Oktoba: maua

Chanja kimechanua. Ua la pesheni ya manjano hufunguka mchana, saa sita hadi saa saba, na hufunga usiku wa siku hiyo hiyo. Halifunguki tena. Kazi yote ya kuzaa iko ndani ya saa hizo chache, na saa ya kwanza bado ua halijawa tayari.

Ukilitazama kwa karibu: katikati kuna kijiti kilichosimama. Kwenye kijiti hicho vinatoka vifuko vitano vya chavua, vimeelekea chini, vina unga wa manjano unaonata. Juu yake kuna mikono mitatu yenye vichwa vya kijani vya kupokelea chavua. Ua likifunguka, mikono hiyo imesimama wima kwenda juu, mbali na vifuko. Inainama pole pole, na baada ya kama saa moja inakuwa usawa wa vifuko. Hapo ndipo chavua inapopokelewa vizuri. Yapo maua ambayo mikono yake haiinami kabisa. Yaruke, hayashiki, ila chavua yake ni nzuri kwa kuyapa mengine.

Chavua ni nzito, upepo hauibebi. Anayefaa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mapau, kwa sababu mgongo wake unagusa vifuko na vichwa pamoja anapopita chini kunywa asali. Nyuki wadogo wa asali ni wezi tu kwa ua hili: wanakusanya unga na kuondoka bila kugusa panapotakiwa. Watu huwaua wale weusi kwa sababu ya paa. Hapa limewekwa gogo kavu laini, chini ya upenu, lisilopakwa dawa, wapate pa kutoboa. Hawajatosha, kwa hiyo mkono unafanya kazi.

Namna yenyewe: kuanzia saa nane mchana, chuma vifuko vya ua la mche wa kona moja, au pitisha kidole mpaka kiwe cha manjano. Nenda mche wa kona nyingine, paka vichwa vyote vitatu. Vyote vitatu, kwa wingi. Kila kifuko cha maji ndani ya tunda kimezunguka mbegu moja, na kila mbegu imetokana na chembe yake ya chavua. Tunda jepesi lenye hewa ndani halikukosa mbolea wala maji. Lilipakwa kichwa kimoja juu juu.

Mvua ndiyo adui. Chembe ya chavua ikilowa inapasuka. Ikinyesha ndani ya saa moja na nusu baada ya kupaka, rudia kwa maua ambayo bado makavu. Siku za vuli zenye mawingu, maua machache yamefunikwa kwa vikombe vya karatasi baada ya kupakwa, na yameshika.

Lisiloshika hudondoka kesho yake au keshokutwa. Lililoshika, kitumba cha kijani chini ya mikono mitatu kinavimba kwa kuonekana ndani ya siku nne.

Dawa yoyote ya wadudu, hata ya mwarobaini, hainyunyizwi mchana mwezi huu.

Novemba

Matunda yananing'inia, ya kijani, ukubwa wa yai. Vidukari wamepanda kwenye ncha changa. Gramu 50 za kokwa za mwarobaini zilizotwangwa, lita 1 ya maji, zilale usiku kucha, chuja, tia kijiko cha sabuni ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani. Rudia baada ya wiki. Vidukari wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni virusi wanavyobeba, vinavyofanya tunda kuwa gumu na ganda nene lisilo na kitu ndani. Ndiyo sababu kunde hazijapandwa chini ya chanja ingawa nafasi ipo: vidukari hukaa huko, na virusi vya aina hiyo hukaa kwenye kunde pia.

Inzi wa matunda huchoma tunda changa na kuacha kovu gumu. Lenye kovu moja linaendelea kukua, lenye mengi hunyauka. Yaliyodondoka mabichi yanazikwa kina cha sentimita 50, hayatupwi jaani.

Desemba na Januari: mavuno na meza

Tunda huiva siku 60 hadi 80 baada ya kuchavushwa, na halichumwi. Linadondoka lenyewe. Lililovutwa mtini likiwa na rangi ya kijani hubaki chachu na halina harufu, na mabichi yana sumu ya aina ya sianidi ndani yake, watoto wasiyachezee. Wavu umetundikwa chini ya chanja ili yasipigwe na jua juu ya jiwe, na yanaokotwa asubuhi kabla panya hawajaamua.

Matunda kama 40 hutoa lita 1 ya maji mazito. Kamua kwa kijiko juu ya chujio la matundu makubwa, koroga mpaka mbegu zibaki kavu. Blenda ikitumika, izungushwe mara mbili tatu kwa mguso mfupi tu. Mbegu zikivunjika juisi inakuwa na uchungu na vumbi jeusi. Lita moja ya maji mazito kwa lita tatu hadi nne za maji, sukari kwa kuonja, kipande cha tangawizi. Kwa futari, dafu badala ya nusu ya maji linapunguza ukali kwa tumbo tupu, na sukari haihitajiki sana.

Jemu ya forsadi imepikwa kwa zile zilizogandishwa. Kilo 1 ya forsadi, gramu 700 za sukari, maji ya ndimu mbili. Forsadi ina pektini kidogo, kile kigandishi cha asili cha matunda, kwa hiyo jemu yake hubaki rojorojo. Ganda la pesheni lililoiva ndilo linaloiokoa: maganda manne yachemshwe dakika 30 mpaka ngozi ya nje iachie, ile nyama ya ndani ikwanguliwe, isagwe, itiwe kwenye sufuria pamoja na sukari. Moto wa wastani, dakika 30 hadi 40, usiache kukoroga mwishoni. Tone kwenye kisahani kilichotoka kwenye friji: likisukumwa kwa kidole likafanya mikunjo, epua.

Februari

Kona ya kusini-magharibi: majani ya mche yana mabaka ya kijani kizito na kijani chepesi, yamejikunja, na matunda ya mwisho yalikuwa na ganda gumu lisilokatika kwa kisu cha kawaida. Ni virusi. Umeng'olewa na mizizi yake, umechomwa nje ya kiwanja. Mkasi umetumbukizwa kwenye maji ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, na utatumbukizwa baina ya mche na mche kuanzia sasa.

Miche mitatu iliyobaki inakatwa wiki hii: kila tawi lililokwisha kuzaa linapunguzwa hadi macho manne kutoka kwenye tawi kubwa. Halafu ndoo 1 ya samadi kwa kila shimo, na mwani mpya ukishaoshwa. Makopo ya akiba yana miche mitano. Ule wa kwenda kona ya kusini-magharibi unatoka kundi la uwa wa tatu, kwa kuwa majirani zake wawili ni wa kundi la kwanza na la pili. Shimo linachimbuliwa na udongo wake unabadilishwa kabla ya masika.